Mistatili 72 ya Usiku wa Kuamkia Idi

Naomba nianze kwa kukiri kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la mdomo. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, tumekaa mezani baada ya futari hapa Columbus katika jimbo la Ohio, tumbo langu limejaa uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, na mtu aliyeshiba namna hiyo hukubali mambo ambayo akiwa na njaa angeomba muda wa kuyafikiria. Binti yangu wa miaka 9 akatangaza kwamba Idi hii hataki kaimati wala visheti. Alitaka Pop-Tarts, tena ziwatoshe watoto wote watakaofika ukumbini. Nikamjibu kwa sauti ya baba mwenye uwezo kwamba hilo si jambo la kujadili usiku, kesho tutapita dukani tuchukue maboksi matano, mambo yaishe.

Hayakuisha, kwa sababu mke wangu husoma maandishi ya ubavuni mwa boksi kama hakimu anavyosoma hati ya mashtaka. Alikwishayasoma zamani, akakuta jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ndani ya aisingi, yaani ile sukari inayopakwa juu, na ingawa jelatini hiyo ni ya ng'ombe, swali lake lilikuwa lile lile alilolitoa kila mwaka: ng'ombe huyo alichinjwa na nani, na alisomewa nini? Sikuwa na jibu, maana sikuwapo. Nikapendekeza zile zisizopakwa aisingi, ambazo hazina jelatini, na binti yangu akanitazama kama mtu aliyeletewa nguo ya Idi ya mitumba iliyokatika vifungo. Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo yamenigharimu usingizi: "Basi nitazitengeneza mwenyewe. Kwani ni kitu gani hasa? Ni sambusa bapa iliyotiwa jemu."

Mke wangu hakusema neno. Alitabasamu tu, na baada ya miaka 14 ya ndoa ningepaswa kulielewa tabasamu lile.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na kitu hiki, nieleze kwamba ni kipande cha mkate mwembamba chenye umbo la mstatili, kiasi cha kiganja cha mkono, ambacho ndani kina jemu na juu kina aisingi iliyonyunyiziwa punje za rangi kama shanga. Huuzwa viwili viwili ndani ya pakiti inayong'aa, na huingizwa ndani ya tosta mpaka vikaruka juu vyenyewe. Kampuni ya Kellogg ya Battle Creek, Michigan, ilivileta sokoni mwaka 1964, na mji wa kwanza kuvijaribu ulikuwa Cleveland, ambao uko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa kwetu, kwa hiyo naweza kusema kwamba msiba huu ulianzia jirani. Hapo mwanzo vilikuwa vitupu, bila aisingi. Watu walikula, wakashiba, wakaenda makazini. Kisha ukafika mwaka 1967, ikapatikana aisingi isiyoyeyuka ndani ya tosta, na kwa ugunduzi huo mtu mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye wakati huo hata hajazaliwa, akawa amekwishapangiwa zamu ya usiku.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi nilikulia katika dunia iliyokuwa imeelekea upande mwingine. Kwetu Tanga, mtoto aliyekuja shuleni na vipande vya mkate wa dukani vilivyopakwa Blue Band alikula hadharani, katikati ya uwanja, akitafuna taratibu ili wote waone. Sisi tuliofungiwa maandazi ya mama ndani ya karatasi ya daftari tulikula tukiwa tumeupa umati mgongo. Cha dukani kilikuwa heshima, na cha nyumbani kilikuwa dalili kwamba baba bado hajalipwa. Nikasoma, nikasafiri, nikavuka bahari mbili, nikafika katika nchi ambayo kila kitu kiko dukani, kimefungwa vizuri na kimebandikwa bei, nikadhani sasa nimefika kwenye heshima yenyewe. Kumbe heshima nayo ilikuwa imepanda ndege ya kurudi. Pale ghalani ninapofanya kazi, wenzangu wakileta chakula cha pamoja, yule aliyenunua hukiweka mezani kimyakimya pembeni, na yule aliyetengeneza mwenyewe hulitangaza jambo hilo kama cheo cha kijeshi.

Basi nikapanga kwamba nitaoka siku ya mwisho ya mfungo, kwa utulivu, nikitegemea Ramadhani itimize siku 30. Hesabu yangu haikuuzingatia mwezi. Katika mji huu kuna misikiti inayofuata hesabu za wanajimu na huijua Idi miezi mingi kabla, na kuna sisi tunaosubiri jicho la mtu limwone mwandamo, na kila mwaka pande hizi mbili hujadiliana kwa upole ambao una meno. Jioni ya siku ya 29, muda mfupi baada ya magharibi, simu zote za nyumbani zililia kwa pamoja: mwezi umeandama. Watoto wakarukaruka, mke wangu akaleta takbira, nami nikaleta takbira kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye friji.

Hesabu ilikuwa hivi. Vipande 36 vilihitajika, na kila kipande kina tabaka la chini na la juu, kwa hiyo ilinibidi nikate mistatili 72, kila mmoja inchi 3 kwa 4, nikitumia rula ya shule ya binti yangu, ya rangi ya waridi, yenye farasi mwenye pembe. Maelezo niliyoyapata yalidai vikombe 2 vya unga wa ngano na vijiti 2 vya siagi kwa vipande 9. Kijiti kimoja cha siagi cha Kimarekani ni gramu 113, na mimi nilitakiwa kuzidisha kila kitu mara nne. Nilipoipanga mezani ile siagi, vijiti 8, karibu kilo nzima, ilionekana kama tofali za mtu anayeanza msingi wa nyumba.

Nikakunja mikono ya shati na kuukanda unga kama nilivyomwona mama akiukanda wa chapati, kwa viganja na uzito wa mabega, dakika 15 bila kupumzika, mpaka ukawa laini na unang'aa. Nilijisikia fundi. Mke wangu, ambaye alikuwa anachambua mchele wa biriani upande wa pili wa meza, aliubonyeza ule unga kwa kidole kimoja na kuutazama ukijirudisha taratibu mahali pake.

"Baba Watoto," alisema, "hapa umetengeneza soli ya kiatu."

Akanieleza, kwa ule upole wa mtu ambaye angeweza kunieleza dakika 15 kabla, kwamba unga wa aina hii haukandwi. Siagi hutakiwa iwe baridi kabisa, ikatwe na kuchanganywa kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande vidogo vidogo kama kunde, kwa sababu vipande hivyo vikifika ndani ya oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuyainua matabaka ya unga, na ndipo kitu kinapata ule wepesi wa kuvunjika mdomoni. Mimi nilikuwa nimeyayeyusha yote kwa joto la mikono yangu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alinijibu kwamba alidhani najua, kwani si ni sambusa bapa tu.

Unga ule wa kwanza sikuutupa, maana kutupa siagi usiku wa Idi ni kutafuta laana. Niliukunja ukawa chapati nzito mbili tatu ambazo mpaka leo zimo ndani ya friza, hakuna anayezigusa. Nikaanza upya. Kila bonge la unga lilihitaji kukaa ndani ya friji nusu saa, na friji yenyewe ilikuwa imejaa nyama ya biriani, mtindi na tui, kwa hiyo mabonge yangu yalilala juu ya mapaja ya kuku. Nikasukuma kwa kifimbo cha chapati, nikapima kwa rula, nikakata, na vipande vya pembeni nikavikusanya na kuvisukuma tena. Nakiri kwamba kufikia mstatili wa 20 mistari yangu ilianza kuyumba, na kufikia wa 40 nilikuwa nakata maumbo ambayo mwalimu wangu wa jiometri hakutufundisha.

Saa nne na kitu usiku simu iliita, na alikuwa mama. Kwao Tanga ilikuwa ni alfajiri, ametoka kusali, na huko mwezi ulikuwa haujaonekana, kwa hiyo alikwishaanza mfungo wa siku ya 30 wakati sisi tunajiandaa kula. Nikageuza kamera ili aione kazi ya mwanawe: trei imepangwa vipande 9, vimefungwa kingo zake kwa meno ya uma, vimetobolewatobolewa juu.

"Usinionyeshe chakula, mwanangu, nimefunga," alisema, kisha akaisogeza simu karibu na uso. "Hizo ni sambusa?"

"Hapana, mama. Ndani nimetia jemu."

Kimya kikapita, mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Nyama huko imepanda bei?"

Nikamhakikishia kwamba nyama ipo na kazi bado ninayo. Akaniombea dua ndefu, ambayo nilihisi imekuwa ndefu kuliko kawaida, akakata simu.

Trei ile ya kwanza iliingia ndani ya oveni ya nyuzi 350 za Fahrenheit, ambazo ni kama 177 za Selsiasi. Baada ya dakika 10 nikachungulia na kuona jambo ambalo sijalisahau. Jemu ya stroberi, ambayo niliitia vile vile ilivyotoka kwenye chupa, ilikuwa imechemka, imekuwa nyepesi kama maji, imeipasua kingo moja baada ya nyingine na kutiririka kwenye trei, ambako ilikuwa inaungua na kuwa nyeusi kama lami inayomwagwa barabarani. Vipande 3 kati ya 9 vilikuwa vimebaki na kitu ndani. Kumbe jemu hupikwa kwanza kidogo pamoja na wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi, ili iwe nzito na itulie mahali pake. Hilo nalo mke wangu alidhani nalijua.

Kuanzia hapo aliweka mchele kando, akasogea upande wangu wa meza. Hakuomba ruhusa. Alichukua kijiko kikubwa, akaweka jemu katikati ya kila mstatili, akapaka yai ukingoni kwa kidole kama anavyopaka uji wa unga kwenye manda za sambusa, akafunika na kubana kwa uma, akimaliza vipande viwili wakati mimi nikihangaika na kimoja. Nilipandishwa cheo nikawa mtoboaji. Kazi yangu ilikuwa kutoboa matundu juu ili mvuke upate pa kutokea, na niliifanya kwa uaminifu.

Saa saba usiku vipande vyote vilikuwa vimeiva, vimepoa na vimepakwa aisingi ya sukari ya unga, maziwa na kijiko cha jemu kilichoipa rangi. Ningelala hapo, ningekuwa na busara. Lakini niliona haiwezekani kitu kibebe jina la tosta bila kuionja tosta, nikachukua kimoja, kizuri kuliko vyote, nikakitumbukiza. Aisingi yangu haikuwa ile ya mwaka 1967. Iliyeyuka mara moja na kudondokea kwenye nyaya zilizoiva, siagi nayo ikafuata, ukapanda moshi wa sukari, na king'ora kilichoko darini kikaanza kulia kwa sauti ya kuamsha mtaa wote. Nilipanda juu ya kiti na kukipepea kwa kanga ya mke wangu niliyoikuta mlangoni, iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio," na nilipata nafasi ya kuyasoma maneno hayo mara nyingi, yakienda na kurudi mbele ya pua yangu, kabla king'ora hakijanyamaza. Watoto wote waliamka isipokuwa yule aliyeagiza.

Asubuhi, baada ya sala, ukumbi ulikuwa na kila kitu: tambi za sukari, vileja, mkate wa sinia, halua iliyoagizwa Zanzibar, na masinia ya sambusa za nyama kutoka kwa akina mama wa Kisomali, ambao katika mji huu ni wengi na hawana mpinzani katika fani hiyo. Vipande vyangu 35 niliviweka mwisho wa meza. Watoto walivigundua kabla sijaondoa karatasi ya juu, na nilisimama hatua mbili pembeni, mikono nyuma, nikisubiri mtu aniulize nani katengeneza ili nami nitangaze cheo changu.

Aliyekuja ni mzee mmoja wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ambaye Chimiini chake, lahaja ya Kiswahili ya huko, na Kiswahili changu huwa vinakutana katikati ya njia bila taabu. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza huku na huku, akakichovya chote kwenye bakuli la chatine ya ukwaju yenye pilipili, akauma. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yakiwa juu. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu," alisema, "aliyepika sambusa hizi amesahau kitunguu."

Nikamwambia nitamfikishia ujumbe. Wakati huo binti yangu alikuwa ananivuta kanzu, mdomo mzima una aisingi, akitaka nijue kwamba Idi ya kuchinja imebaki siku kama 68 tu na kwamba safari hiyo wenzake wameomba za bluberi.