Mzee asihamishwe, huduma ndiyo imfuate

Waswahili tulioko Uingereza tukikutana hatukosi kusema: wazungu wanawatupa wazee wao, sisi tunaishi nao. Sehemu ya kwanza si kweli, na ya pili haitoshi. Wazee wengi wa hapa hawako kwenye nyumba za kutunzia wazee. Wako majumbani mwao, wengi peke yao, na kwa wanaohitaji msaada mhudumu hupita mara mbili, tatu au nne kwa siku, dakika 15 au 30, anatoa dawa, anapasha chakula, anaondoka. Wengi wetu ndio hao wahudumu, kwa hiyo ukimya wa nyumba zile tunaujua. Na ukimya huo una madhara: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wazee wanaoishi peke yao wana hatari ya dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, iliyo juu kwa takriban asilimia 30 kuliko wanaoishi na wenzao.

Hapo ndipo tunapopiga kifua. Lakini wingi wa watu ndani ya nyumba si kinga. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba yanahusika na karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Upweke ni moja tu kati ya hayo. Yamo pia presha, kisukari, lehemu yaani mafuta kwenye damu, masikio yasiyosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, sonona, kuumia kichwa, hewa chafu na kukaa bila kutembea. Katika mengi ya haya nchi za ugenini zimetupita mbali. England mtu wa miaka 40 hadi 74 huitwa kupimwa presha na lehemu kila baada ya miaka mitano, akifika 60 anapimwa macho bure, na akihitaji kifaa cha kusikilizia hospitali ya serikali inampa. Kwetu bibi anakaa sebuleni na watu kumi, hasikii hata mmoja, anaitikia kwa kutabasamu, nasi tunasema bibi kazeeka. Huo ni upweke vilevile. Pengine ni nta tu imejaa masikioni: matone ya mafuta ya zeituni kwa siku chache, kisha kituo cha afya wasafishe. Asichokolewe kwa njiti, na kama sikio linatoa usaha au liliwahi kutoboka, mafuta yasitiwe kabisa.

Tena tusidanganyane kwamba ugonjwa huu ni wa wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Ipo, ila tunaiita uzee, na mahali pengine tunaiita uchawi. Bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, anayetembea usiku akiongea peke yake, kuna vijiji ambako hali hiyo imegharimu maisha.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, nalo ni nyumba tunazojenga. Mtoto aliyeko ughaibuni akipata pesa, jambo la kwanza ni kumtoa mama kwenye nyumba ya zamani na kumweka kwenye nyumba mpya: ukuta mrefu, geti, marumaru zinazong'aa, binti wa kazi wa kumfanyia kila kitu. Nia ni njema kabisa. Lakini ugonjwa wa kusahau wa aina iliyozoeleka, ule wa Alzheimer, huanza kwa kuharibu uwezo wa kujifunza mambo mapya, huku ya zamani yakidumu muda mrefu. Katika nyumba ya zamani miguu yake inajua njia ya chooni gizani. Katika mpya lazima ajifunze, na kujifunza ndiko kulikoondoka. Marumaru zinazong'aa macho yake huzisoma kama maji, kwa hiyo anasita, anakanyaga kwa hofu, anaanguka. Choo cheupe juu ya sakafu nyeupe chenye ukuta mweupe hakioni, anakojoa pembeni, watu wanamgombeza. Ukuta na geti vimemkata na majirani waliokuwa wakipita kumsalimia. Na binti wa kazi amemnyang'anya kuchambua mchele, kulisha kuku na kufagia uwanja, kazi zilizokuwa zikiushughulisha ubongo wake kutwa.

Kama pesa ipo, irekebishe nyumba aliyoizoea. Kikalio cha choo kiwe cha rangi iliyokolea. Vyuma vya kushika vifungwe kwenye ukuta imara, pembeni mwa choo na bafuni. Taa ndogo iwake usiku kucha kutoka kitandani hadi chooni. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe. Kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa, nyayo zake zinafika chini zote mbili. Jiko lipate pa kutolea moshi. Vyote hivi havifikii gharama ya nyumba mpya.

Kumpeleka Dar es Salaam au Nairobi akakae ghorofani kwa kaka, au kumleta huku Ulaya, napinga kwa sababu ileile. Huku atashinda ndani na runinga ya lugha asiyoijua tangu mnapotoka kwenda kazini hadi mnaporudi. Kuna hali zinazolazimisha: hana mtu kabisa, anapotea njia, anaunguza nyumba, ananyanyaswa. Basi ahamishwe mapema, hali haijawa mbaya, na aende na kitanda chake, redio yake, khanga zake, pamoja na mtu anayemjua vizuri wa kukaa naye wiki za kwanza.

Kwa kuwa presha ni mojawapo ya mambo yale 14, mpimeni nyumbani: mashine nunueni ya kufunga mkono wa juu. Za kifundoni hukosea mara nyingi. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Majibu ya siku ya kwanza yaacheni, mengine yaandikwe kwenye daftari aende nalo kwa daktari.

Na mjue tofauti hii, maana inaokoa maisha. Dimensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka, au hawatambui watu, ni mgonjwa wa dharura: malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, sukari kushuka, kiharusi, au dawa mpya. Ulizeni anameza nini. Piriton ya mafua, diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya maumivu ya neva, zote zinaweza kumchanganya mzee akili, na maduka ya dawa kwetu huziuza kama peremende. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, maana ikipungua kumbukumbu nayo huyumba.

Kwenye simu acheni kumuuliza "Unanikumbuka mimi nani?" Huo ni mtihani, na akishindwa anaona aibu na kujitenga. Jitambulishe mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi Fulani, mtoto wako wa pili." Pigeni mmoja mmoja, na kama ni simu ya video, mwanga uwe usoni pako. Mwombe ushauri: mpunga wa mwaka huu upandwe lini, mahari ya mjukuu iwe nini. Hai wamejaribu pia, kwa wazee wenye dimensia, tiba ya vikundi iliyoanzia Uingereza, vikao 14 vya mazungumzo na michezo, viwili kwa wiki. Ukiitazama utaona ni baraza lililopangiwa ratiba.

La mwisho ni huyo dada au shemeji anayemlea. Yeye ndiye huduma yenyewe, na mara nyingi ndiye pekee asiyelipwa. Apewe posho ya kila mwezi kwa jina lake, si iliyochanganywa na pesa ya dawa. Apate mtu wa kumpokea siku mbili kwa wiki, na familia itaje mapema nani atashika zamu yeye akiugua.