Mada zihame, lakini mtafiti akae na watu

Ukiwasikiliza wanafunzi wa shahada za uzamili hapa Iringa wakizungumzia tasnifu zao, utadhani wameagizwa na mtu mmoja: mitandao ya kijamii, utambulisho, mabadiliko ya tabianchi, urejeshaji wa mali za kale zilizobebwa enzi za ukoloni. Sina ugomvi na mada zenyewe. Taaluma hii ya utamaduni ilizaliwa ikihama. Richard Hoggart alipoanzisha kituo chake cha masomo ya utamaduni Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1964, walianza na maisha ya tabaka la wafanyakazi wa Uingereza. Chini ya Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, wakaingia kwenye vijana na mavazi yao, rangi, jinsia, televisheni. Kituo kilifungwa mwaka 2002, na mada zimeendelea kuhama.

Kinachonikera ni swali lililoachwa njiani: watu wenyewe wanakipokeaje wanachokiona? Mwaka 1973 Hall alieleza kwamba mtazamaji hapokei ujumbe kama ulivyotumwa: anaweza kuukubali, kuuchukua nusunusu kwa masharti yake, au kuukataa kabisa. Kwa hiyo lazima umwendee mtazamaji mwenyewe.

Ingia kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyesha video kwa kiingilio, pale Kihesa jioni. Mabenchi ya mbao, giza, watu na makoti yao, spika inayokoroma. Filamu ni ya Kichina, lakini sauti inayotawala ni ya DJ wa Kibongo aliyejirekodi juu ya maneno ya waigizaji. Huyo hatafsiri tu. Jambazi anampa jina la mtaani, shujaa anayechelewa kurusha ngumi anamzomea, na wapenzi wakianza kubembelezana kwa kirefu anawakatisha. Wateja nao wanambishia DJ kana kwamba yumo humo ndani. Kuna wanaocheka pasipochekesha, na mzee wa benchi la nyuma anayemtetea jambazi mwanzo hadi mwisho. Hall angelipa kiingilio na kukaa mpaka usiku.

Mtafiti wa leo anakusanya maoni ya TikTok akiwa kitandani. Namwelewa: hela za utafiti hakuna, msimamizi anataka sura tatu za kwanza, simu ipo mkononi. Ila kijana anayechungulia video kwenye simu ya mwenzake kijiweni hana akaunti wala bando, na hataandika maoni yoyote. Kicheko chake hakimo kwenye data. (Naye ndiye mwenye maneno makali kuliko wote.)

Hata hili la mali za kale tumelidaka kwa kufuata upepo. Ulaya mjadala ulipamba moto zaidi baada ya ripoti aliyoiagiza Rais Macron wa Ufaransa, iliyotoka 2018. Sisi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tunalo kwenye makumbusho ya Kalenga, jirani tu na mjini, tangu 1954, na Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani na Ujerumani, ulikuwa umelitaja katika kifungu cha 246. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelichagua kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kupimapima, na shaka kama ndilo lenyewe haijaisha hadi leo. Wanaokuja kuandika sasa wanauliza habari za sheria na umiliki. Mimi nataka kujua kidato cha pili aliyesimama mbele ya kile kioo anamnong'oneza nini mwenzake mwongozaji akigeuka, na wazee wa Kihehe wasioamini kwamba ni lenyewe wanaliheshimu vipi hata hivyo. Kuheshimu kitu unachokishuku ni jambo kubwa, na hulipati kwa dodoso la ndiyo na hapana.

Basi anayetafuta mada aanze na Kalenga au na kibanda cha mtaani kwake, hata kama pendekezo lake litahitaji neno "dijitali" ili lipite. Msimamizi naye amwache akae huko mwezi mzima kabla ya kumdai sura ya nadharia.