Diop, pango la Kuumbi na asili yetu

Ukilitaja jina la Cheikh Anta Diop barazani hapa Unguja, mjadala haukawii kuwaka. Msomi huyo wa Senegal, aliyefariki 1986, alishikilia kwamba binadamu wote wana asili moja, nayo ni Afrika, ilhali wapo wataalamu wa Ulaya waliofundisha kuwa watu wa kila bara walichipuka kivyao.

Alikuwa na kila sababu ya kuwatilia shaka. Mwaka 1912 Uingereza ilitangaziwa fuvu la Piltdown, eti la babu wa binadamu. Hadi 1953 ndipo ikathibitika kuwa ni fuvu la mtu lililopachikwa taya la orangutani, na meno yakapigwa tupa yafanane na ya mtu. Miaka hiyo hiyo fuvu la kweli la Taung, Afrika Kusini, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililotangazwa 1925, lilibezwa na wakubwa wa fani. Mwaka 1987 utafiti wa vinasaba ukaonesha kuwa ukoo wa kikeni wa watu wote walio hai unarudi Afrika. Diop hakuwahi kuyaona matokeo hayo.

Wanaompinga nao wana hoja. Alitaka weusi wa ngozi ya maiti za Misri ya kale uthibitishe ustaarabu ni wa nani, na kwenye mkutano wa UNESCO mjini Cairo, 1974, wengi hawakukubaliana naye. Kwangu mimi, hapo alishika mizani ile ile ya rangi aliyowalaumu nayo Wazungu.

Mjadala wa asili tunao hata hapa kwetu Unguja, kwenye pango la Kuumbi, Jambiani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pale akasema watu wake walifuga kuku maelfu ya miaka iliyopita. Waliochimba baadaye hawakuikuta mifupa ya mifugo kwenye matabaka hayo ya zamani. Wapo wanaoliona pingamizi hilo kuwa dharau. Mimi silioni hivyo. Vijiwe vilivyochongwa na mifupa ya punda milia vimebaki, na vinaonesha watu walifika kama miaka 20,000 iliyopita, kabla bahari haijaitenga Unguja na bara. Hilo peke yake linavunja ile hadithi ya kisiwa kitupu kilichosubiri wageni, ingawa halithibitishi kuwa hao ndio mababu zetu wa moja kwa moja.

Walimu wa skuli wanaowapeleka watoto Kuumbi wawaeleze yote mawili, dai la Chami na majibu aliyopewa.