Pini za Mama Mkwe

Ufaransa, ndoa inayotambulika na serikali ni ya manispaa. Shekhe au padri mtamwona baadaye, tena mkiwa na cheti cha meya mkononi. Kiongozi wa dini anayezoea kumtangulia meya anaweza kujikuta mahakamani. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia dirishani, kwa karani mwenye miwani ya aina mbili: moja ya kusomea karatasi, nyingine ya kukutazama wewe.

Mchumba wangu, mzaliwa wa hukohuko, mambo yake yalikwisha upesi. Mimi nikakabidhiwa orodha.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa, kiwe kimetolewa karibuni. Nikatoa changu cha tangu shule ya msingi. Karani akakirudisha kwa ncha ya kidole. Wenzetu wana sababu: Mfaransa akioa au akiachana, huandikwa pembeni mwa cheti chake cha kuzaliwa, kwa hiyo nakala mpya ina habari mpya. Changu tangu nizaliwe hakijaongezeka kitu ila kutu. Basi, nyumbani wakanitolea kipya, na ukifuata tarehe ya kutolewa, leseni yangu ya udereva ni dada yangu mkubwa.

Cha pili ndicho kilichoamsha ukoo: uthibitisho kwamba sijaolewa. Nikampigia shangazi.

"Mwanangu, wanataka karatasi ya kuonyesha huna mume?"

"Ndiyo, shangazi."

"Si wangeniuliza mimi? Nani hajui?"

Hata hivyo akaenda kupanga foleni, Mungu ambariki. Akanitumia ujumbe wa sauti kutoka hukohuko, na kabla hajaanza kusema na mimi nikamsikia akimweleza jirani yake wa foleni, bila kupunguza sauti: "Ni ya binti wa kaka yangu, hajaolewa, ndiyo tunatafuta ushahidi."

Kuna nyingine inaitwa certificat de coutume, maelezo rasmi ya sheria ya ndoa ya kwenu. Ubalozi wetu ukayaandika kwa ukamilifu, mpaka kwamba kwetu kuna ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Karani alipofika hapo akavua miwani ya karatasi, akavaa ya watu, akamgeukia mchumba wangu na kumwuliza kama hilo analifahamu. Akajibu kwamba kwa jinsi faili hili lilivyo, mke mmoja ameshamtosha.

Mihuri nayo! Nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 hugongeana muhuri mmoja tu, apostille, shughuli ikaisha. Sisi wengine tunazunguka: wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Na usidhani muhuri wa wizara unasema kilichoandikwa ni kweli. Unasema tu kwamba aliyesaini ndiye mwenye saini. Ubalozi unathibitisha kwamba aliyethibitisha ndiye. Katika msururu wote huo, aliyejali kama nina mume au sina ni shangazi peke yake.

Mwisho karatasi zikaenda kwa mfasiri aliyeapishwa mahakamani, bwana mmoja mwenye mikono ya fundi saa. Tafsiri juu, nakala chini, akakunja pembe zake kwa pamoja, akazipiga pini mbili, kisha akagonga muhuri juu ya mkunjo, nusu duara ikaangukia karatasi hii na nusu karatasi ile. "Hapa pasiguswe," akaniambia.

Sikupagusa. Ila mama mkwe alikuja kutusalimia siku ya kuamkia miadi yetu. Ni mpenda usafi, hawezi kuona kitu kimekunjwa. Mimi nikiwa bafuni, yeye akaliona faili mezani, limetuna. Nilipotoka nikamkuta ameketi, kisu cha siagi mkononi. Karatasi zote zilikuwa zimefumuliwa, pembe zimenyooshwa kwa kiganja, kila moja imetiwa kwenye mfuko wake wa plastiki na kupangwa kwa ukubwa.

"Nimekurahisishia, mwanangu," akasema. "Sasa hata kutoa kopi si kazi."

Nikamshukuru. Ungefanyaje? Mkwe ni mkwe.

Kesho yake akasisitiza kutusindikiza. Karani akatoa karatasi mbili kwenye mifuko yao, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha na kujaribu kuzikutanisha nusu za muhuri. Akaisogeza moja kushoto. Akaigeuza. Akamwita mwenzake, wakawa wawili. Hatimaye duara likakamilika vizuri kabisa, tatizo ni kwamba nusu moja ilikuwa ya cheti cha kuzaliwa na nusu ya pili ya kutoolewa.

"Matundu yanaonekana," mama mkwe akawasaidia. "Rudishieni palepale." Akafungua pochi, akatoa bahasha, akaimimina juu ya kaunta. Alikuwa amezihifadhi pini zote.

Karani akavua miwani, safari hii asivae nyingine.

Mfasiri akarudia kazi, nasi tukarudia malipo. Tangazo la ndoa likabandikwa manispaa siku 10, kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyejitokeza kupinga. Naibu meya akaja na mshipi wake wa rangi tatu, milango ya ukumbi ikaachwa wazi, maana hiyo nayo ni sheria, akatusomea vifungu vya sheria ya kiraia kuhusu ndoa: heshima, uaminifu, kusaidiana. Mama mkwe, shahidi wetu, alitikisa kichwa kwa nguvu kwenye kusaidiana.

Kisha karani akaleta livret de famille, kile kijitabu wanachopewa wanandoa. Mama mkwe akanyoosha mkono apokee. Karani akaupita ule mkono, akanifikia mimi nilikokaa, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole juu yake.

"Kimeshonwa," mama mkwe akauliza, "au kimepigwa pini?"