Sindano ya goti: nafuu ipo, ila ichomwe kwa nani?

Mtu ambaye goti limemnyima usingizi kwa miezi hasumbuki na jina la dawa. Anataka achomwe, ashuke kitandani, apande daladala arudi nyumbani. Na sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, iwe triamsinoloni au methilipredinisoloni, mara nyingi humpa hicho anachokitaka. Ndiyo maana ubishi juu yake hauishi: wanaoisifu wanasema kweli, na wanaoonya juu yake nao wanasema kweli.

Sifa zake zilianzia mbali. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotisoni, ambayo ni steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hoi, naye akaanza kujimudu ndani ya siku chache. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobeli. Lakini dawa ile ikizunguka mwili mzima kwa muda mrefu huvimbisha uso, hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Wazo la kuichoma ndani ya kiungo chenyewe, lililotangazwa na daktari Joseph Hollander mwaka 1951, lilikuwa la busara: dawa kidogo, mahali panapouma.

Kwenye baridi yabisi, gauti, au goti lililovimba na kujaa maji, utando wa ndani ya kiungo umewaka, na steroidi ni hodari wa kuutuliza. Hapo sina ubishi na madaktari wanaoitumia. Ubishi uko kwenye goti lililosagika kwa umri, uzito na kazi, lile ambalo mitaani tunasema ute umekwisha. Sindano hii hairudishi ute wala haioteshi gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, kisha makali yake yanaisha.

Ukiitazama kazi yenyewe utaelewa kwa nini wengi huondoka na matumaini makubwa kuliko dawa. Daktari anasafisha ngozi, anaingiza sindano pembeni ya kilegesambwa, na kama kuna maji anayavuta kwanza. Kisha anasukuma dawa nyeupe kama maziwa, ambayo mara nyingi imechanganywa na lignokaini ya ganzi. Mgonjwa anasimama, anakunja goti, anacheka. Kinachomchekesha dakika ile ni ganzi. Usiku ikiisha maumivu yanarudi, na wengine huumia zaidi kwa siku moja au mbili. Steroidi yenyewe huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi yake. Asiyeelezwa haya hudhani ametapeliwa, na kesho yake anatafuta pengine pa kuchomwa tena.

Na kurudia ndiko kunakonipa hofu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuata watu 140 wenye magoti yaliyosagika. Nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana kwa maana, lakini waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi: wastani wa milimita 0.21 dhidi ya 0.10. Watetezi wa sindano wana jibu. Utafiti mdogo wa mwaka 2003, uliotumia ratiba inayokaribiana na hiyo, haukuona nafasi kati ya mifupa ya goti ikipungua zaidi kwenye eksirei, na tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita haimaanishi lazima goti litaharibika mapema. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, kama baada ya miaka miwili ya kuchomwa maumivu ni yaleyale, sioni sababu ya kuigeuza sindano kuwa ratiba.

Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine, wa wagonjwa 156 kwenye hospitali za jeshi la Marekani, uliolinganisha sindano na fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja waliofanyishwa mazoezi walikuwa na maumivu kidogo na walijimudu zaidi. Lakini wale walikuwa na mtaalamu wa mazoezi wa kuwasimamia. Mama anayelima kijijini, ambaye mtaalamu wa karibu yuko hospitali ya mkoa na nauli ni ya kukopa, hawezi kuambiwa tu aachane na sindano akafanye fiziotherapia. Kwake sindano moja inayompa wiki nne za kutembea ni msaada wa kweli, mradi wiki hizo afundishwe kunyoosha goti akiwa ameketi, na kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Mazoezi hayo hayahitaji mashine.

Kuna watu ambao kabla ya kuchomwa lazima waulizwe maswali, na huku kwetu ni wengi. Mwenye kisukari sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Anayetumia ARV zenye ritonavira yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ritonavira huzuia ini kuivunja triamsinoloni, na sindano moja tu inaweza kumvimbisha uso na kuzilaza tezi zake za adrenali, zile za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Kiungo kimoja kilichovimba kwa muda mrefu huenda kikawa na kifua kikuu cha mifupa, na steroidi hapo inawapa wadudu nafasi. Anayesubiri kubadilishiwa goti naye hushauriwa isipungue miezi mitatu kati ya sindano na upasuaji, kwa hofu ya maambukizi.

Nisichoweza kukitetea kabisa ni deksamethasoni, steroidi nyingine, inayochomwa takoni pamoja na diklofenaki ya maumivu kwenye duka la dawa, kila mgongo au goti likiuma. Hiyo haina sifa ya kulenga kiungo. Inazunguka mwili mzima, yaani inaturudisha kwenye madhara yaleyale yaliyofanya watu waanze kuchoma ndani ya kiungo.

Madaktari wengi hawapendi kupita sindano tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Lakini mgonjwa anayezunguka zahanati tatu anaweza kuupita ukomo huo bila yeyote kati yao kujua. Kwa hiyo kila sindano iandikwe kwenye daftari la mgonjwa: jina la dawa, miligramu, kiungo gani, upande gani, tarehe. Mgonjwa ana haki ya kulidai hilo kabla hajainuka kitandani.