Sanduku la kufuli tatu

Kila Jumapili alasiri, hapa Busia, Uganda, akina mama wa mtaa wetu hukaa chini ya mfenesi na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne. Mwaka jana nilikopa humo laki tano niongeze mahindi dukani. Hakuna aliyeniuliza hati ya kiwanja. Mama mwenye daftari alinitazama tu, akasema, “Mwanangu, baba yako tulimzika sisi hawa hawa.” Dhamana ikawa hiyo.

Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, vikundi vya engozi vilianza kwa kubeba wagonjwa kwa machela hadi hospitali. Siku hizi vingi vinaweka akiba na kukopeshana. Kuaminiana huku nako ni mtaji, ingawa hauonekani kama lami na mabwawa.

Ukikatika, nchi nzima huumia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yalibaki, wakagawiwa wengine. Wazee husimulia kwamba wapo waliouza shati kwa bei ya namba iliyoandikwa kwenye kola. Tunacheka, lakini tatizo halikuwa kola. Mwenye duka wa zamani alipata mali kwa neno lake tu, akalipa baada ya kuuza; huyu mpya, nani angemkopesha? Mali ikaisha, rafu zikabaki tupu. (Na tusifichane: mlango ule wa kuaminiana Mwafrika hakufunguliwa kirahisi.)

Ndiyo maana nina wasiwasi na fedha za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha wananchi, zilizoanza 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parishi (eneo dogo la utawala), milioni moja kwa mkopaji. Nia ni njema. Ila jirani yangu huiita milioni yake “asante ya kura”, na sijamsikia akitaja kuirudisha. Huyo huyo hathubutu kukosa Jumapili ya mfenesi.

Undugu nao hula mtaji, nakiri. Binamu yangu alipofanya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, magunia mawili yalitoka dukani kwangu na sikuandika popote. Ningeandika kwa jina la nani?

Deni langu limebaki elfu sabini. Jumapili iliyopita mvua ilinyesha, kikao kikahamia barazani kwangu. Mama mwenye daftari akaketi juu ya gunia la mahindi, akavaa miwani, akaanza kusoma majina ya wadaiwa. La kwanza langu.