Mstari Mmoja wa DEFAULT

Printa ya mishahara ndiyo iliyoanza. Anwani yake kwenye mtandao ni 10.20.30.200, meinfremu yetu, ile kompyuta kubwa, iko 10.20.30.10, na miaka yote walielewana kama majirani wa ua mmoja. Kisha watu wa mtandao wakaikata sabneti ile (kundi moja la anwani, /24) vipande viwili vya /25: .0 hadi .127, na .128 hadi .255. Printa ikaangukia ng'ambo ya ruta, kifaa kinachounganisha sabneti, na meinfremu hakuna aliyeipa taarifa.

Nikapiga ping, yaani hodi ya kujaribu, kwa ruta, .1: ikajibu. Kwa printa: kimya. NETSTAT ROUTE, amri ya kuonyesha jedwali la njia za mtandao, ikanionyesha ugonjwa. Jedwali lilikuwa bado linasema 10.20.30.0/24 yote iko moja kwa moja kwenye OSA, kadi ya mtandao ya meinfremu. Kwa hiyo mashine, badala ya kumkabidhi ruta pakiti, ilikuwa imesimama uani kwake ikipaza sauti ya ARP, swali la kumtafuta jirani wa sabneti hiyo hiyo, "Nani mwenye .200?", na mwenyewe kahama.

Dawa ni kugeuza 24 iwe 25. Nikaandika memba mpya, faili dogo la mipangilio:

BEGINROUTES
ROUTE 10.20.30.0/25 = OSA1 MTU 1500
ENDROUTES

Mistari mitatu, safi. Nikaipeleka kwa V TCPIP,,OBEYFILE, amri ya kubadili mipangilio ya mtandao mashine ikiwa inaendelea, nikabonyeza Enter, na skrini ikaganda hapo hapo. Pale chini, X SYSTEM: skrini imejifunga, inasubiri mashine ijibu.

Tatizo ni kwamba BEGINROUTES ndani ya OBEYFILE haiongezi njia. Inafuta njia zote zilizoandikwa kwa mkono, kisha inaweka zile ulizoleta tu. Mimi sikuleta DEFAULT, njia ya kila anwani isiyo na njia yake, na meza yangu iko sabneti nyingine kabisa. Mashine ilikuwa inanisikia vizuri, ila haikujua jibu ilipitishe wapi.

Nikapiga simu chumba cha mashine. "Mzee, mashine iko hai?"

"Hai kabisa, kaka. Mimi nimeingia, sioni shida."

Aone shida wapi? Kompyuta yake ni .50, nusu ile ile ya meinfremu. Juu kwetu simu tatu zilikuwa zinalia kwa pamoja.

"Basi shida iko kwenu huko," akasema, akakata.

Ningeweza kumtajia amri kwa simu, lakini aibu nayo ina uzito wake. Nikashuka ngazi mbio hadi kwenye konsoli. Njia za zamani zilikuwa salama kwenye memba ROUTES, ile ambayo PROFILE, faili kuu la mipangilio ya mtandao, huivuta kwa INCLUDE. Nikaandika, vidole vikitetemeka, O ikiwa kifupi cha OBEYFILE: V TCPIP,O,TCPIP.PARMS(ROUTES). Ikakataliwa. Nikarudia vile vile, kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi. Ikakataliwa tena.

"Koma mbili, kaka," mzee akasema nyuma yangu, chai mkononi.

Ni kweli. Kati ya koma hizo mbili ndipo linapokaa jina la stack, programu ya mtandao ya mashine. Ukila koma moja, O inachukuliwa kuwa ndiyo jina. Nikaweka ya pili, simu za juu zikanyamaza. Ndipo nikaongeza kwenye memba yangu mstari uliokosekana, ROUTE DEFAULT 10.20.30.1 OSA1 MTU 1500, nikaipeleka upya. Printa ikaanza kutema karatasi. Nikaenda kula.

Jumapili mashine ikafanyiwa IPL, yaani ikazimwa na kuwashwa upya. OBEYFILE hudumu mpaka stack izimwe, na ile ROUTES ya zamani, yenye /24 yake, sikuwa nimeigusa.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia. "Kaka, printa imenyamaza tena. Unashuka, au nikuandikie zile koma?"